Hakuna aliyemuuliza namba tisa

Alhamisi usiku, mazoezi ya timu yetu ya basketboli yameisha, ile taa moja ya uwanja imejaa wadudu wa ziwa, wale wakianza huwezi hata kufungua mdomo vizuri. Kocha, mwekahazina na kepteni wamesimama kando, simu moja katikati yao, wanaongea chini chini. Mimi nilikuwa hapo karibu nikipanga skoshiti ju kazi yangu kwa hii timu ni kuandika skoa na kuweka kopi za vitambulisho, kura sina na sijawahi kuitaka. Nikasikia kocha akisema, "Basi tumtoe namba kumi na tano, aingie yule mrefu." Kepteni akasema sawa. Mwekahazina akauliza kama mrefu atalipiwa fea ya kwenda na kurudi.

Mjadala uliishia hapo.

Kumi na tano mwenyewe alikuwa bado uwanjani kwa ringi ya upande wa pili, anajaribu ile shoti ya Tyler Ongwae wa Kenya, ile iliyoua Angola 74-73 mwaka 2021 tukarudi AfroBasket, mashindano ya Afrika, mara ya kwanza tangu 1993. Huijaribu kila siku. Huingia mara chache sana, tusidanganyane.

Listi ilikuwa iwafikie wenye mashindano ya Jumamosi kule Kakamega kabla ya saa sita usiku. Watu 12, sheria ya FIBA, shirikisho la basketboli duniani, na walikuwa wameshasema hawataki stori za "ongezeni mmoja tu".

Kepteni akaniona nimesikia. Anajua mimi ni mgonjwa wa NBA, ligi ya basketboli ya Marekani, kwa hivo akacheka akaniambia, "Omera, hata Dallas waliuza Luka."

Nikacheka pia. Halafu nikapanda boda nikaenda nyumbani Nyalenda, hapa Kisumu, na hiyo kitu imekataa kutoka kichwani wiki baada ya wiki mpaka nimeona heri niiandike.

## Ile Jumapili

Wenye mnafuata NBA mnakumbuka mlikuwa wapi. Tarehe 2 Februari 2025, saa mbili na kitu asubuhi saa zetu, watu wanapiga pasi nguo za kanisa, Shams Charania, mwandishi wa habari za NBA, anaandika kwamba Luka Dončić, staa wa Dallas, anaenda Los Angeles Lakers na Anthony Davis wa Lakers anaenda Dallas. Kwa grupu yetu kila mtu alisema akaunti imeibiwa. Mtu ana miaka 25, ametoka kupeleka timu fainali miezi michache iliyopita, nani anauza huyo?

Sababu zilitolewa baadaye. Nico Harrison, ndo alikuwa meneja wa Dallas, alisema difensi ndo hushinda ubingwa. Watu wakaongezea mambo ya mwili wa Luka, mazoezi, na ule mkataba mkubwa ambao angeweza kusaini mwaka huohuo, wa kama dola milioni 345 kwa miaka mitano.

Mimi, tofauti na wengi hapa mjini, sikatai kwamba hizo ni sababu. Ukiniambia hutaki kumlipa mtu pesa kama hizo akiwa harudi nyuma kulinda, nitakusikiliza. Mtaani watu walimtukana Harrison kama mtu amepagawa na mimi nikawa naona mbona hamtaki hata kufikiria.

Kilichonishika ni bei.

Dallas walipata Davis, wakapata Max Christie, wakapata piki moja ya raundi ya kwanza ya mwaka 2029, yaani haki ya kuchagua mchezaji chipukizi mwaka huo. Moja! Mwaka uliotangulia, 2024, Knicks walikuwa wametoa piki tano za raundi ya kwanza kumchukua Mikal Bridges, mchezaji mzuri sawa, lakini hajawahi hata kuitwa All-Star, ile mechi ya mastaa wa ligi. Sasa inakuaje Bridges anagharimu tano na Luka anagharimu moja?

Inakuwa hivi: hakuna mtu mwingine aliyejua Luka anauzwa. Harrison na Rob Pelinka, meneja wa Lakers, walianzia kwa kahawa Januari na wakaiweka hiyo stori kati yao. Jason Kidd, kocha mwenyewe wa Dallas, aliambiwa dakika za mwisho kabisa. LeBron, staa wa Lakers wakati huo, alijua akiwa amekaa kula na familia yake. Timu zingine zote ziliona kwa simu kama sisi. Mnunuzi akiwa mmoja, bei anapanga yeye.

Na siri ilikuwa na mantiki yake, sitakataa. Ingevuja, mashabiki wangewasha moto, watu wa Luka wangeanza kuvuta upande wao, labda mwenye timu angeogopa akasema achana nayo. Kwa hivo Harrison alifunga mdomo ili mpango usife, na mpango haukufa, ulikuwa tu mpango mbovu ambao hakuna mtu alipata nafasi ya kumwambia ni mbovu.

## Nyongeza

Tukiongea hiyo tredi, yaani kubadilishana wachezaji, tunaita ya Luka na Davis, basi. Lakini kulikuwa na watu wengine ndani.

Maxi Kleber alikuwa Dallas tangu 2017, amecheza na Dirk Nowitzki, gwiji wa Dallas, alikuwa nje na mguu mbovu, akaenda Lakers. Markieff Morris pia akaenda. Jalen Hood-Schifino, ambaye Lakers walimchagua namba 17 kwa drafti ya 2023, ile siku ya kuchagua chipukizi, akatupwa Utah, na Utah wakamwachilia siku chache baadaye. Yaani Utah hawakuwa wanamtaka, walikuwa tu mlango wa kupitishia.

Ukienda Kibuye ununue nyanya, mama anakuwekea moja ya juu, ile nyongeza, na haibadilishi bei. Kwa NBA ni kinyume, bila nyongeza biashara haifungiki. Mishahara ya pande mbili inafaa ikaribiane, na kuna mistari miwili juu ya ile dari ya mishahara ambayo timu ikiivuka inaanza kunyimwa vitu, ukivuka wa pili hata kuunganisha mishahara ya watu wawili ili uchukue mmoja hukubaliwi. Kwa hivo kuna watu ambao thamani yao siku ya dedilaini ya tredi ni tarakimu ya mkataba wao tu, hakuna anayejali wanaruka vipi.

P.J. Tucker ndo huwa namfikiria. Bingwa wa 2021 na Milwaukee. Kwa ile wiki moja ya Februari 2025 alitoka Clippers akaenda Utah, Utah wakamsukuma Miami ndani ya ile tredi ya Jimmy Butler, Miami wakampeleka Toronto. Hakuvaa jezi ya hata moja kati ya hizo tatu. Mtu mzima, karibu miaka 40, anasoma kwa simu leo ni wa nani. Nakubali alikuwa analipwa mamilioni, usinitumie hiyo meseji. Kumi na tano wetu halipwi hata maji.

Na kwa kweli hapo ndo nilikuwa nimefikia kwa siku za kwanza: namuonea kijana huruma, naona kocha amemfanya nyongeza, lakini pia naona kocha yuko sawa. Tulikuwa tunaenda kucheza na timu zenye masenta warefu, sisi senta wetu ana bidii lakini urefu Mungu hakumpa, na huyu mrefu amecheza Nairobi, yuko likizo kwao Ahero, anakuja bure ukimlipia fea. Kumi na tano hucheza dakika mbili tatu tukiwa tumeshinda tayari ama tumeshapigwa tayari. Ungefanya nini? Mimi pia ningemtoa.

Ilikuwa imebaki hivo mpaka Jumamosi.

## Kakamega

Tuliondoka mapema na matatu ya kukodi. Mamboleo tukasimama kungoja namba tisa. Hakuja. Tukampigia, simu haishikwi. Tukasonga, Kiboswa, Majengo, kufika karibu na Mbale ndo akapiga mwenyewe, nyuma yake unasikia watu wanaimba.

Alikuwa Ugunja. Mazishi ya ndugu ya baba yake.

Kocha akachukua simu. Sikusikia upande ule mwingine lakini nilisikia kocha akiuliza "ulijua lini?" halafu akanyamaza, halafu akasema pole, akakata. Alijua tangu Jumanne. Alhamisi alikuja mazoezi kama kawaida, akapiga leiapu zake, akaenda nyumbani. Hakusema kwa sababu hakuna mtu aliyemuuliza, na yeye si mtu wa maneno mengi, na nafikiri pia alidhani akisema atatolewa kwa listi na ya mashindano yanayofuata, si unajua vile hizi timu huwa.

Kwa hivo tulifika Kakamega watu 11. Nafasi ilikuwapo. Ilikuwapo hata ile Alhamisi wakati watu watatu wamesimama kando na simu, mwenye kujua alikuwa hapo hapo uwanjani anavua viatu, na kumi na tano pia alikuwa hapo, na mrefu angeingia bila mtu yeyote kutolewa.

Kwa matatu hakuna mtu alisema hiyo kitu kwa sauti. Kepteni aliweka masikio yake ya muziki.

Sitaki kudanganya kwamba kumi na tano angetuokoa. Tulipigwa nusu fainali na timu bora kuliko sisi, mrefu alicheza vizuri sana mpaka faulo zikamfukuza robo ya nne, na wale wengine wakawa wamechoka. Mtu mmoja wa ziada angewapa pumzi kidogo, basi.

Lakini nilikuwa nimekaa kwa meza ya skoa na nikaanza kufikiria Dallas tena, ju yale waliyopitia baada ya tredi ni ya kuchekesha kama si ya kusikitisha. Davis aliumia mechi yake ya kwanza kabisa, tarehe 8 Februari, baada ya kuweka 26 na rebaundi 16. Kyrie Irving, staa mwingine wa Dallas, akapasua goti tarehe 3 Machi. Na walikuwa wamebanwa chini ya mstari wa mishahara hivi kwamba hata kuongeza mtu wa mkataba mdogo walikuwa hawawezi, wakawa wanahesabu wazima kabla ya mechi waone kama wanafika wanane ambao ligi inataka. Timu ya mabilioni inahesabu watu kama sisi pale Mamboleo.

## Mrefu

Kurudi nilikaa na mrefu kiti cha nyuma. Ni mtu mpole. Magoti yake yalikuwa yanagusa kidevu.

Akaniuliza, "Mkubwa, mimi niliingia mahali pa nani?"

Nikamwambia. Akauliza kama kijana alikuwa ameambiwa. Nikasema sijui, na nilikuwa nasema ukweli. Akatikisa kichwa akasema yeye pia aliachwa na klabu Nairobi, msimu ulikuwa karibu kuanza, na hakuna mtu alimpigia. Alikuwa kwa ngazi za hosteli akaona ameondolewa kwa grupu ya WhatsApp. Akadhani ni makosa. Akamwandikia meneja wa timu amrudishe.

"Alikurudisha?"

"Alinijibu kesho yake. Ati watanitafuta."

Hapo nikachanganyikiwa zaidi, ju nilikuwa nimemweka huyu jamaa kwa kichwa changu upande wa Luka, yule staa anayeletwa, kumbe na yeye ni Hood-Schifino. Nilitaka kuwa na mtu wa kukasirikia na sikumpata kwa ile matatu.

## Kumi na tano

Kijana alijuaje? Wenye mashindano walituma listi zote kama picha, mtu akaiweka kwa grupu Ijumaa asubuhi. Hivo ndo alijua. Akaweka dole gumba.

Hilo dole gumba nimelitazama mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mzima.

Siku zilizofuata hakuonekana Jumanne, akaonekana Alhamisi, akakosa tena. Nilimpata kule anafanya kazi, gereji fulani huku Kondele, nikanunua chai tukakaa nje kwa benchi. Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kumtia moyo, yale ya "wakati wako utafika". Hakunipa nafasi.

"Buda, mimi sijakasirika kutolewa. Najua nacheza dakika ngapi, wewe ndo huandika." Akacheka. "Shida ni Jumamosi. Bosi alikuwa na gari la kuteremsha injini, alitaka watu wawili, nikamwambia siko, niko na timu. Akachukua mwingine. Sasa Jumamosi nikakaa nyumbani, mpira sina, kazi sina."

Angeambiwa Alhamisi usiku angempigia bosi hapo hapo.

Kwa hivo bei ya ile siri ya dakika tatu, ukitaka kuiweka kwa hesabu, ni siku nzima ya kazi ya kijana wa gereji, na kiti kimoja kitupu kwa benchi letu Kakamega. Na ingeepukika kwa maswali mawili, moja kwa kila mtu kwa listi, "Jumamosi uko?", na lingine kwa huyu, "Umepanga nini wikendi?" Sizungumzii kura. Sizungumzii kila mtu aseme anaonaje. Ni kuuliza tu kabla hujaamua, kama vile Harrison angepiga simu timu tatu nne akasema jamani, nikimuuza huyu nyinyi mna nini. Pengine bado angemuuza. Angemuuza kwa zaidi ya piki moja.

## Kocha anajibu

Nilimpelekea kocha hii kitu kabla sijaiandika, ju ni mtu ninayemheshimu na hii timu ingekuwa imekufa zamani bila yeye. Mipira ananunua yeye. Fea ya wale hawana anatoa yeye.

Alinisikiza mpaka mwisho halafu akanipiga vizuri.

Kwanza alisema kuna wakati alifungua listi, akaisoma mbele ya wote, na wiki hiyo hakulala. Mjomba wa mtu alipiga. Mwalimu wa mtu alipiga. Vijana wawili wa mtaa mmoja waliacha kupeana pasi msimu mzima. "Wewe unaona siri, mimi naona nimemlinda mtu asijadiliwe kama mbuzi wa soko mbele ya wenzake."

Halafu akanikumbusha Dalton Knecht, na hapo alinishika pabaya ju mimi ndo nilimsimulia hiyo stori. Siku mbili tatu baada ya Luka, Lakers wakakubaliana na Charlotte: Knecht, Cam Reddish na piki, wapewe Mark Williams. Ulimwengu mzima ukajua. Halafu daktari wa Lakers akampima Williams, wakasema hapana, tarehe 8 Februari tredi ikafutwa. Williams akarudi Charlotte. Knecht akarudi kwa chumba kilekile cha kuvalia, kwa watu walewale waliokuwa wameshamuaga. "Huyo kila kitu kilikuwa wazi," kocha akasema. "Uliza kama alifurahi."

Nikamwambia Knecht aliumia kwa sababu waliuliza daktari mwisho badala ya mwanzo. Akasema hiyo ni maneno ya mtu wa skoshiti.

Nikamwambia Dallas walimfukuza Harrison, 11 Novemba 2025, baada ya mashabiki kuimba afutwe mechi baada ya mechi. Akasema lakini walipata Cooper Flagg, yule kijana wa kwanza kuchaguliwa kwa drafti ya 2025. Nikamwambia Flagg walimpata kwa bahati nasibu ya drafti wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8, hiyo haiwezi kuitwa mpango. Akasema, "Kijana yangu, timu yetu yote ni asilimia 1.8."

Hilo sikuwa na jibu.

Kuna kitu kimoja alikubali, shingo upande. Kwamba kabla listi iende atauliza kila mtu kama yuko, na anayetolewa atampigia yeye mwenyewe usiku huohuo, si kepteni, si picha kwa grupu. Kuisoma mbele ya watu amekataa kabisa na sidhani nitamsukuma zaidi, ju nikifikiria wale wajomba naona kama ana haki yake hapo. Namba tisa ameambiwa mazishi si kosa. Mrefu amerudi Nairobi, amesema tukimtaka tumwambie mapema, na tumwambie anaingia mahali pa nani.

Kumi na tano bado anakuja akipata nafasi gereji. Sijui kama atakuwa kwa listi ijayo. Ukiniuliza kwa mchezo tu, sidhani.

Nilipokuwa naondoka kocha akaniita, akavua filimbi shingoni akaninyoshea, akasema kama naona ni rahisi hivo basi tubadilishane, yeye akae na skoshiti na vitambulisho, mimi nikawapigie hao vijana simu.

Nimekataa.